Shanga Moja Kwenye Waya wa Tanuru

Ilianza siku ya Ijumaa, saa kumi na robo jioni, likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili. Sasa niko cha nne. Juzi nilipita pale kwetu, nje kidogo ya Nyeri, nikakuta matofali ya tanuru yamejengewa banda la ng'ombe na mahali pa moto pamepandwa kabichi. Nikaona heri niandike, maana kusema siwezi. Mimi hata nikiulizwa jina langu darasani natazama chini.

Tanuru lilikuwa la baba, la kuchoma vigae vya paa. Asubuhi za Agosti ukungu ulishuka mpaka kwenye kahawa, vidole vikauma, nasi watoto tukakimbilia ukuta wa tanuru kupasha migongo. Mzee wa moto, jirani yetu aliyetoka upande wa Busia, alituchomea viazi vitamu kwenye majivu huku akitucheka, ati watu wa Nyeri wangeweza wangetia kiazi hata kwenye chai. Alijua moto kwa macho. Alichungulia tunduni, akaona rangi, akajua kama aongeze kuni au aache.

Kisha baba akanunua saa ya moto kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Ilikuwa na sindano ya kuonyesha joto, na nyaya mbili zilizoingia tanuruni kupitia ukutani. Nyaya zilivalishwa shanga za udongo mweupe zisigusane, isipokuwa kwenye ncha, pale zilipoungwa. Ncha ndiyo iliyopima. Baba akamwambia mzee tangu sasa afuate sindano, macho yamezeeka.

Ncha ilikatika kila mara, na fundi wa hizo saa alikuwa Nairobi. Baba akabuni njia yake: betri ya lori, na kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya betri kuukuu ya tochi. Unasokota nyaya, unazigusa kwa kijiti, cheche inaruka, ncha inayeyuka kuwa tone dogo kama punje ya wimbi. Mikono ya baba ilikuwa mikubwa mno, kwa hivyo ikawa kazi yangu, nikitazama kupitia kioo kilichopakwa masizi. Aliniita fundi mbele ya wageni. Niliona haya, lakini moyoni nilifurahi kupita kiasi.

Ijumaa hiyo nilichomea vizuri. Wakati wa kurudisha shanga, moja ikapasuka mkononi. Za akiba zilikuwa kwenye sanduku la baba, naye alikuwa ametoka tu kunisifu kwa mteja wa Karatina. Ningemwambiaje? Nikaacha pengo la nusu kidole, nikajiambia haidhuru.

Jumamosi moto ukawashwa. Kufikia saa nane mchana mzee alikuwa anazunguka tanuru kama mtu aliyepoteza kitu. Sindano ilikuwa chini bado. Akaniita kando.

"Fundi, huu moto umekuwa mweupe sana. Saa yako iko sawa kweli?"

"Iko sawa," nikasema.

Akaendelea kutia kuni.

Jumatatu tulipofungua, vigae vilikuwa vimelegea na kushikana kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilitoa waya mwenyewe, nikaona peke yangu: nyaya zilikuwa zimegusana kwenye lile pengo, ndani ya ukuta. Sindano ilisoma joto la ukuta, si la moto. Baba alikuwa anasema mzee alilala kazini.

"Mimi nilifuata saa, bwana," mzee akasema polepole. "Hata msichana wako nilimuuliza."

Baba akanigeukia. Nilitazama miguu yangu, na kwa kuwa siku zote mimi hutazama miguu yangu, hakuona ajabu. Akamwambia mzee asirudi tena.

Jioni mke wa mzee akaja kurudisha sufuria aliyoazima kwa mama, ameisugua mpaka inang'aa. Walikuwa wanarudi Busia.

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, nilitoa shanga nzima kwenye sanduku la baba, nikaivalisha pale kwenye pengo, nikauweka waya mezani kama usioguswa. Baba alipoamka aliuunga waya kwenye saa, akaweka ncha kwenye makaa ya jiko. Sindano ikapanda vizuri.

"Unaona?" akaniambia. "Saa haina shida. Ni yule mzee."

Nikasema ndiyo, baba.