Timu Iliyohamishwa Mara Mbili

Siku ya kwanza kazini nilifika uwanjani Newala nimevaa raba mpya, Kocha Mkuu akanikabidhi ndoo. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Akaniuliza kama najua kumwagilia. Nikamjibu kwamba nimekuja kufundisha mpira wa kikapu, si kulima bustani.

"Uwanja wetu ni wa udongo," akasema. "Ukiwa mkavu mpira haudundi, unazama kwenye vumbi. Mpira usipodunda utafundisha nini? Hadithi?"

Basi kazi yangu nikaianza kwa kumwaga maji. Anayejua Newala anajua maana yake, kwa sababu wakati ule maji yalipandishwa kutoka bondeni, na kila ndoo ilikuwa na mtu aliyeibeba kichwani. Siku za mechi akina mama kutoka Mkunya walikuja na ndoo zao, wakanyunyiza uwanja wote, halafu wakakaa pembeni kushangilia. Kiongozi wao alikuwa Mama Somoe, mkulima wa mihogo na korosho, mwanamke mwenye kifua cha kupiga vigelegele mpaka mwamuzi anasahau faulo. Hakuwa na mtoto kwenye timu. Alisema wote ni wake.

Kwa Kocha Mkuu nilijifunza kazi yenyewe. Alinifundisha kusuka wavu wa kikapu kwa kamba ya nailoni, ule wa madukani ulipochakaa. Alinifundisha ribaundi, yaani kuugombea mpira uliokosa kikapu na kurudi, akisisitiza kwamba anayeupata si mrefu bali ni yule aliyewahi kumzuia mwenzake kwa mgongo. Alinifundisha pia kukaba mtu kwa mtu, kila mchezaji na adui yake, na kukaba eneo, ambako unalinda sehemu yako ya uwanja na yeyote atakayeingia humo ni wa kwako. Mchezaji akikosea hakumfokea. Alimwita, akamsimamisha mahali pale pale alipokosea, akamwambia, "Tazama. Ungekuwa hapa, si pale." Nilimwiga mpaka siku yangu ya mwisho.

Timu ilikuwa ya wananchi. Jina lake lilikuwa Majabali. Haikuwa na fedha, na kila msimu wa ligi ya mkoa tulihangaika kutafuta nauli. Ndipo akaja mfanyabiashara wa korosho kutoka Masasi, mtu wa maghala na malori, akasema ataibeba timu. Alitununulia jezi na mipira, akatupa lori la kusafiria. Mwenyekiti wa timu alifurahi mno. Palipotakiwa kutia saini kwamba timu sasa ni mali ya huyo bwana, alitia saini bila kuwauliza watu. Kuanzia hapo tulimwita Mmiliki.

Haukupita muda akatangaza kwamba Majabali inahamia Masasi. Kule kuna lami, alisema, kuna watu wengi, na ndiko maghala yake yaliko. Watu wa Newala walikuja kwenye mechi ya mwisho na ndoo zao kama kawaida. Waliumwagilia uwanja, wakakaa, na mechi nzima hawakutoa sauti. Tulishinda, na hakuna aliyepiga makofi. Mama Somoe alinifuata nikikusanya mipira.

"Baba Zainabu, mnawapeleka wapi wanangu?"

"Masasi si mbali, Mama Somoe."

"Kwa mwenye gari," akasema, akachukua ndoo yake.

Kocha Mkuu alikataa kuhama. Alisema yeye alikula chumvi ya Newala. Mimi nilikuwa na watoto wadogo na kazi nyingine sikuijua. Nilihama, na nikapewa nafasi yake.

Masasi walitupokea kwa ngoma. Sitasema uongo, ile ilikuwa miaka mizuri. Uwanja haukuwepo, lakini mashabiki waliujenga wenyewe pale Mkomaindo, kwenye kiwanja alichokitoa Mmiliki. Aliyesimamia ujenzi alikuwa fundi baiskeli, Bwana Chitanda. Walileta mchanga na kokoto, wakamwaga zege, wakailainisha kwa ubao na kamba mpaka ikawa kama sakafu ya nyumba. Milingoti ya vikapu Chitanda aliichomelea mwenyewe kwa mabomba. Mara ya kwanza mpira ulipodunda kwenye zege ile, mlio wake ulivuma mpaka kwenye majabali yanayouzunguka mji na kurudi, na watu wazima wakacheka kama watoto. Vijana wa Masasi waliwakebehi watu wa Newala sokoni: "Timu mlikuwa nayo, mkaishindwa!" Na mimi nilisikia, nikatabasamu na wenzangu.

Mama Somoe alikuja kututazama alipopata nauli. Alikaa upande wake, peke yake, wala hakupiga kigelegele.

Kisha biashara ya korosho ikabadilika. Ununuzi ukawa wa minada, na wanunuzi waliozoea kupita shamba kwa shamba wakabanwa. Mishahara yetu ikaanza kuchelewa. Na kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stendi mabishano yakaanza, na sijasikia mabishano makali kama yale hata wakati wa uchaguzi. Swali lilikuwa moja: Mmiliki ameishiwa, au anatudanganya?

"Mtu aliyefilisika anajenga hoteli?" Chitanda aliuliza. "Niambieni. Mimi nikikosa hela ya gundi, siongezi hata banda."

Aliyempinga alikuwa rafiki yake wa siku zote, Mwalimu Nandonde, mwalimu mstaafu wa hesabu. "Hoteli ni mkopo, Chitanda. Malori ni mkopo. Tajiri unaweza kumwona juu ya gari, kumbe gari ndilo lililompanda yeye."

"Basi auze gari, atuachie timu!"

"Benki ndiyo itauza. Na timu itauzwa nayo, usiposhukuru kwa kilichopo."

Waliitana wajinga, wakaitana vibaraka. Siku moja Mwalimu alimmwagia Chitanda kahawa ya moto mkononi. Walikuwa wamejenga uwanja ule bega kwa bega, na tangu siku hiyo hawakusalimiana tena. Mmoja amekwisha kufa. Mwingine hakwenda kwenye mazishi.

Uvumi ulipozidi kwamba timu itapelekwa Dodoma, mashabiki waliamua kumsaidia Mmiliki ili asiwe na sababu. Wakulima walitoa magunia ya korosho kutoka mavuno yao. Watu ambao hawakuwa na uhakika wa kununua salfa ya kupulizia mikorosho msimu unaofuata walileta magunia hayo ghalani kwake, na Mmiliki akayapokea kwa mikono miwili. Alisimama mlangoni mwa ghala akawaambia, "Majabali haitoki Masasi nikiwa hai." Wakambeba juu juu.

Wiki hiyo hiyo aliniita ofisini. Alikuwa anakula korosho za kukaanga. Akanisogezea sahani.

"Kocha, jiandae. Tunahamia Dodoma."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kwamba kuna wenzake wa huko watakaoshirikiana naye. Kuna ukumbi wa ndani wenye sakafu ya mbao, na ligi ya huko ina wadhamini. Nikamuuliza kuhusu wachezaji.

"Nachukua watatu. Wewe utanichagulia. Wengine watapatikana huko huko."

"Na hawa waliobaki?"

"Warudi kwao. Walikuwa na kwao kabla yangu."

"Mzee, watu wamekupa korosho zao."

Aliacha kutafuna. "Niliwashikia panga? Walitoa kwa mapenzi yao. Timu ni yangu, Kocha. Kiwanja pia ni changu, na nimekwisha kupata mtu wa kujenga ghala pale. Wewe endelea na mazoezi, na mdomo wako uufunge mpaka malori yaondoke. Dodoma utapata nyumba."

Nilitoka. Nilitembea mpaka uwanjani, vijana wakiwa wanapasha misuli. Niliwaketisha kwenye zege nikawaambia kila kitu, na nikawaambia kwamba sitachagua mtu. Waliinamisha vichwa. Nahodha, Rashidi, mlinzi bora niliyewahi kumfundisha, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kocha, na akinichagua mwenyewe?" Mama yake alikuwa hospitalini kwa muda mrefu na yeye ndiye aliyemtunza. Nikamwambia aende, na mtu yeyote asimwambie vingine.

Kutoka pale nilipita kijiweni nikawaambia mashabiki. Kabla jua halijashuka Mmiliki alikwishanifukuza kazi kwa simu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikupewa hotuba wala zawadi ya saa ya ukutani. Simu yenyewe ilikatika kabla sijamaliza kusema ndiyo.

Siku malori yalipokuja kubeba vifaa na kung'oa milingoti, watu walikuwa wamekaa uwanjani, wazee mbele. Chitanda alijifunga kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mlingoti alioutengeneza. Walimpigia simu Mama Somoe, naye akaja kutoka Mkunya. Nilishangaa kumwona akishuka kwenye gari, amezeeka, anatembea kwa shida. Watu wakampisha. Chitanda, kutoka pale alipojifunga, akamwambia, "Shikamoo, Mama. Tusamehe. Leo na sisi tumeonja."

"Marahaba." Akasogea karibu naye. "Sikuja kuwasaidia. Nilikuja kuwaona mnalia kama tulivyolia sisi. Kwa muda mrefu nilikuwa naisubiri siku hii, nikijua nitafurahi." Akaketi kwenye zege karibu na miguu ya Chitanda. "Mbona sifurahi?"

Mgambo walikuja. Hawakumpiga mtu, walimbeba mmoja mmoja na kumweka barabarani, kwa upole ambao uliuma kuliko fimbo. Mnyororo wa Chitanda ulikatwa kwa mkasi wa kukatia chuma. Rashidi alipopanda gari, watu aliowafurahisha miaka yote walimwita msaliti, na mmoja akamtemea mate begani. Hakuyafuta. Nilijaribu kusema, lakini hakuna aliyetaka kumsikia kocha asiye na timu.

Majabali ilipewa jina jipya Dodoma. Haikudumu. Wale wenzake Mmiliki waligombana naye, na wachezaji wakatawanyika. Rashidi sasa ni mlinzi wa getini kwenye nyumba ya mtu. Hunipigia sikukuu zote mbili, ananisalimia kwa adabu, na kikapu hatukizungumzii. Kule Mkomaindo ghala lilijengwa. Ndani, sakafu ni ile ile zege ya mashabiki. Mwenye ghala anaisifu kwamba haipitishi unyevu.

Mimi nilirudi kijijini kwetu Makote, kwenye shamba la marehemu baba yangu. Vijana wa shule hunijia kuuliza kazi yetu ilikuwaje, na huwaeleza kuhusu wavu na ribaundi, jinsi ya kusimama na jinsi ya kuupokea mpira kwa ncha za vidole. Hayo ni rahisi kueleza. Wakiniuliza mbona Masasi hakuna timu, nawaambia wamuulize mwingine.

Msimu uliopita nilipata mgeni. Nilikuwa naokota korosho, nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa Chitanda, amekuja kwa baiskeli yake mwenyewe, jasho linamtoka. Nikampa maji. Tuliulizana hali za nyumbani, tukazungumzia mvua, na nikaona kuna jambo ambalo bado hajalisema.

"Mmiliki amerudi," akasema mwishoni. "Anataka kuianzisha tena Majabali. Ametoa kiwanja kingine, nje kidogo ya mji. Ameniomba nitengeneze milingoti."



"Anakutaka na wewe, Kocha. Anasema bila wewe watu hawatamwamini."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nimekwisha kununua mabomba."

Nilimtazama mtu yule aliyejifunga mnyororo mbele ya mji mzima. Nikamuuliza timu itakuwa ya nani safari hii. Kiwanja kitaandikwa jina la nani. Akapangusa uso kwa kofia yake.

"La kwake. Najua unachofikiri. Najua atatufanyia vile vile. Lakini Jumamosi zimekuwa ndefu, Kocha. Unajua mimi Jumamosi nafanya nini? Nakaa. Basi. Nakaa tu."

Nilimwambia siendi. Hakunibembeleza. Alinishukuru kwa maji, akageuza baiskeli yake, na nikamsindikiza mpaka kwenye njia ya magari.

Kwenu mnaotaka kuingia kazi hii, sina mengi. Mwalimu wangu alinifundisha mahali pa kusimama uwanjani. Hakuna aliyenifundisha kuuliza ni nani mwenye uwanja, na nilipojua kuuliza nilikuwa nimekwisha kuzeeka. Ulizeni mapema. Ulizeni kabla hamjabeba ndoo ya kwanza, na majibu yakiwachukiza, ondokeni wakati bado mna miguu ya kwenda kwingine.

Timu mpya ilicheza mechi yake ya kwanza mwezi uliopita. Binti yangu Zainabu alikwenda na wajukuu. Aliniambia kulijaa mpaka watu wakapanda juu ya malori, na Mmiliki aliposimama kuwapungia mkono walimshangilia kuliko wachezaji. Nilimuuliza tulishinda au tulishindwa. Alicheka, kwa sababu nilisema "tulishinda", kana kwamba timu bado ni yangu. Nilichukua jembe nikaenda kwenye mihogo, nikapalilia mpaka jua likazama.