Paskazia na Mlango wa Treni ya Praha

Paskazia hajui kukaa. Mpe kiti, atakalia ukingo wake kama mtu anayesubiri kuitwa. Miaka mitano tumelala chumba kimoja hapa Al Nahda, Dubai, yeye kitanda cha karibu na dirisha, mimi cha kumwelekea, na sijawahi kumwona akimaliza chai bila kusimama. Siku akiwa hana zamu anapanda metro toka mwanzo wa reli hadi mwisho, kisha anarudi. Haendi popote. Kwetu Tanga mtu wa namna hiyo tunamwita kiguu na njia, nami nilimwita hivyo mbele ya watu, akacheka.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Yuko ofisi moja ya mtaa wa Silicon Oasis, anajibu ujumbe wa watu wanaozunguka miji ya kale ya Ulaya kwa treni, wengi wao peke yao. Mmoja amepotea stesheni Vienna, mwingine ameachwa na treni Budapest. Paskazia, mtoto wa Karagwe ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya, anawaelekeza: panda ngazi za kushoto, lipite duka la mikate, jukwaa la nane. Anazijua stesheni zile kwenye ramani kuliko ninavyolijua jiko letu. Akirudi jioni chakula hakipiti.

"Doris dada yangu," ananiambia, "leo nimempeleka mama wa miaka sabini hadi Praha. Mimi nimebaki kwenye kiti."

Mwaka jana aliomba viza ya Ulaya akaenda kutembea, ikakataliwa. Mwaka huu bosi wake, Mahfudh, akamwandikia barua kwamba ni mfanyakazi wake na atarudi kazini, na viza ikatoka. Siku kumi: Budapest, Vienna, Praha, kwa treni, peke yake.

Hapo maneno yakaanza. Kanisani Deus, tunayesali naye, alimpa namba ya binamu yake aliyeko Ujerumani. "Ukifika huko zamia, usirudi, usiwe mjinga." Harriet, Mganda anayeshikilia fleti yetu na kugawa vitanda, alimuuliza kama anaacha vyombo vyake au anaondoka navyo. Paskazia alikasirika.

"Nakwenda kutembea! Wazungu wanatembea, wanarudi makwao, hakuna anayewauliza. Mimi nikitembea nimetoroka?"

Mimi niliendelea kumkunjia nguo.

Siku ya tano akanipigia kutoka Vienna, analia. "Doris, treni ya Praha imeniacha. Nilikuwa mbele ya mlango kabisa. Nimesimama nasubiri ufunguke, haukufunguka, ikaondoka."

Alisema Budapest abiria walikuwa wengi, akaingia kwa kufuata migongo ya watu. Vienna alikwenda hadi behewa la mwisho, akawa peke yake, na kumbe pana kitufe cha kubonyeza ndipo mlango ufunguke. Miaka yote anaelekeza watu, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mlango. Alipopiga simu ofisini kwao kuomba msaada, mwenzake Lawrence akamsomea jibu lililo tayari: tulia, usitoke stesheni, tunakutafutia treni nyingine. Jibu hilo alikuwa ameliandika Paskazia mwenyewe.

Nilimpa pole. Simu ilipokatika, sikumwamini. Nani anaachwa na treni iliyo mbele ya pua yake? Nikasema moyoni, hadithi ndiyo hii inaanza: leo treni, kesho simu imezimika, keshokutwa binamu wa Deus. Na ningetumia akili kidogo ningejua, kwa sababu sisi wa Dubai tumezoea metro isiyo na dereva, unasimama tu na mlango unafunguka. Hata mimi ningeachwa. Lakini sikutaka kutumia akili. Nilimwonea wivu, nasema kweli, na nilimchukia kwa kuniacha humu chumbani.

Siku tatu baadaye Harriet alikuja. "Huyo dada wako anarudi? Kuna msichana, Shakira, anatafuta kitanda, anataka kuhamia leo."

"Harudi," nikasema. "Yalla, haya, mpe."

Mtu wa Tanga mimi, niliyekua nikisikia mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani! Jumamosi alasiri, siku ileile aliyoitaja, ufunguo ukazunguka mlangoni. Paskazia huyo, sanduku mkononi, miguu imevimba, uso unang'aa. Akanikumbatia. Kabla hajavua viatu alinipa kikaratasi: tiketi ya ile treni iliyomwacha.

"Zawadi yako," akasema. "Siku ukichoka isome, ucheke."

Kisha akageukia kitanda chake. Kilikuwa na shuka la pinki na mto wenye picha ya paka. Vyombo vyake vilikuwa kwenye mfuko mweusi nyuma ya mlango. Niliufunga mimi mwenyewe.

"Nani analala hapa?"

"Shakira. Yuko kazini."

"Harriet ndiye kafanya haya?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Mimi ndiye niliyemwambia hutarudi."

"Lakini nilikupigia, Doris. Nilikwambia mlango haukufunguka."

"Uliniambia."

"Na tarehe ya kurudi nilikuandikia kwenye kalenda."

"Uliandika."

Niliona hasira inapanda usoni mwake, halafu ikashuka, na kilichobaki kilinitisha zaidi. Akaniuliza taratibu, "Ungekuwa wewe, ungerudi?"

Tiketi yake ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Nisingerudi," nikamwambia.

Akakaa kwenye kitanda changu, katikati kabisa, mgongo ukutani. Nikachemsha chai nikampa. Aliinywa yote hadi ikaisha, hakusimama hata mara moja.