Tano ya Maguu

Juzi kule Maguu, wilayani Mbinga, nilimkuta mtafiti wa sayansi ya siasa akimhoji mama aliyekuwa akigeuza kahawa juani.

"Mama, kuanzia moja hadi tano, unauamini uongozi wa kijiji kwa kiasi gani?"

Mama akamtupia jicho mtendaji wa kijiji, aliyemleta mgeni na kuketi hapohapo.

"Tano."

Mtafiti akaandika tano. Mtendaji aliposogea kupokea simu, mama akaninong'oneza, "Mwanangu, orodha ya mbolea ya ruzuku anaandika nani?"

Mnaniambia hiyo ni sayansi. Hapa Mbinga hakuna anayepima unyevu wa kahawa huku mvua ikiinyeshea. Msomi huyu amepima imani ya mama mbele ya mtendaji, kisha akamshukuru mtendaji kwa ushirikiano.