Masizi Kwenye Taa

Sufuria yangu ya ugali niliitupa kwenye mtaro nyuma ya ploti tuliyokuwa tukiishi Kawangware. Mume wangu alikuwa ameitumia kupikia dawa ya kupaka gari. Oili chafu ya injini, masizi ya jiko, makaa yaliyotwangwa na vanishi kidogo, vyote vikachemshwa mpaka vikawa uji mweusi unaovutika kama ulimbo. Harufu yake iliingia kwenye blanketi, kwenye nguo za kanisani, hata kwenye nywele za watoto. Niliisugua ile sufuria kwa mchanga na majivu, nikaosha na sabuni, na bado maji yaliyochemka ndani yake yalielea mafuta.

Mume wangu alikuwa dereva wa pikapu ya landilodi wetu, mzee wa pale pale Kawangware ambaye shamba alilorithi lilikuwa limegeuka vyumba vya mabati. Kila asubuhi pikapu ilipanda Limuru kuchukua mboga. Mimi niliuza sukuma wiki sokoni, kwa hivyo siku nyingi nilienda naye nikachague mzigo wangu mwenyewe. Mzee alitaka pikapu ishuke haraka, ipakuliwe, ipande tena kabla soko halijajaa. Na wakati huo ndipo trafiki walipoanza kujificha kwenye kona wakiwa na mashine ya kupima spidi, ile inayorusha mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga gari, unarudi, na mashine inasema ulikuwa ukikimbia kiasi gani.

Dawa ililetwa na fundi mmoja wa jua kali kutoka Laini Saba, mtu wa maneno mengi, suruali yake imeganda grisi. Alikaa kwenye ndoo uani kwetu akatueleza kwamba ule mwanga hupenda vitu vinavyong'aa. Ukipaka taa na namba pleti masizi, alisema, mwanga utamezwa. Ukibandika karatasi za fedha za pakiti za sigara mbele ya rejeta, utachanganyikiwa. Ukifunga utepe wa kaseti kwenye grili, ukipepea, mashine itasoma upepo.

"Hiyo mashine itadhani wewe ni ndege, buda," alimwambia mume wangu.

Landilodi, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alicheka mpaka akakohoa. Mume wangu hakucheka, lakini jioni hiyo nilimkuta akiivuta kaseti yangu ya kwaya, utepe umemwagika magotini kama matumbo ya kuku.

"Baba watoto, hiyo ni kaseti yangu."

"Mzee amesema ifungwe leo."

Nilimwangalia tu. Alikuwa mtu mzima aliyetoka kwao Bungoma na leseni safi, anayejua gari kuliko wengi, na sasa alikuwa anafunga utepe wa nyimbo za Bwana kwenye grili kwa sababu mwenye nyumba amesema.

Dawa haikufanya kazi hata mara moja. Asubuhi ya kwanza kabisa, tukishuka na kabeji, trafiki alitoka nyuma ya mti akanyoosha mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mtulivu. Alimwonyesha mume wangu namba kwenye mashine, kisha akazunguka mbele ya gari, akasimama pale kwa muda. Alipitisha kidole kwenye taa, akakinusa.

"Hii ni nini umepaka?"

Mume wangu alizima injini.

"Dere, hii kitu inasoma gari yote. Inasoma boneti, inasoma kioo, inasoma hata hizi karatasi zako. Umejipaka matope bure." Akapangusa kidole kwenye mlango wetu. "Na usiku utaona wapi?"

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilimweleza landilodi mwenyewe yale maneno, neno kwa neno, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alinisikiliza akitafuna mua. Alitema makapi karibu na miguu yangu, akasema hatukupaka vizuri. Yule fundi naye alipoulizwa alisema leya ya dawa ilikuwa nyembamba. Basi wakaongeza. Wanaume watatu wameinama mbele ya gari, wakipaka kwa vidole, wakibishana ni wapi pamebaki pakavu, na hakuna hata mmoja aliyesema: tupunguze spidi. Niliingia ndani.

Hapo taa zikawa kama macho ya mtu mwenye mtoto wa jicho. Nilimwambia mume wangu. Akasema anaijua barabara.

Msimu wa ukungu Limuru, alfajiri unaweza kunyoosha mkono usione vidole vyako. Magari mengine yalipita taa zikiwaka njano, unayaona yakija. Zetu zilitoa mwanga wa rangi ya chai, ukaishia palepale kwenye bampa. Alfajiri moja tukishuka nilisema, "Pole pole." Alisema, "Nimesikia," na mguu wake haukusogea. Kisha kitu cheupe kikatokea mbele yetu, nikasikia chuma kikigonga chuma.

Alikuwa mtu wa maziwa, na baiskeli yake imefungwa mikebe. Tulipomfikia alikuwa mtaroni, mguu umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Maziwa yalikuwa yanashuka barabarani yakifuata mteremko. Mume wangu alivua koti akamfunika, akapiga magoti, akamshika mkono. Yule mtu hakulia. Aliuliza kama baiskeli imeharibika.

Mtu mmoja alikimbia dukani kupiga simu hospitalini na kwa polisi, na mume wangu akamwomba ampigie landilodi pia. Landilodi ndiye aliyefika wa kwanza, kwa gari la mwanawe, amevaa koti la kanisani. Alipita kando ya mtu aliyelala chini. Alienda moja kwa moja kwenye pikapu, akainama, akaziangalia taa. Kisha alinijia na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa.

"Mama, futa hizo taa kabla wakubwa hawajafika."

"Mzee, huyu mtu anatoka damu."

"Ambulensi inakuja. Wewe futa."

Kitambaa nilikiacha kikaanguka. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa na kuku. Akakiokota, akapiga magoti kwenye maziwa na matope, akaanza kusugua mwenyewe. Alisugua taa moja, akahamia ya pili, akang'oa utepe kwenye grili akautia mfukoni, na wakati wote huo yule mtu alikuwa akigugumia hatua chache nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja.

Polisi walipofika, landilodi alianza kueleza ukungu. Mume wangu alisimama, mikono yake myekundu.

"Afande, taa zilikuwa zimepakwa masizi. Nilipaka mimi. Gari ni la huyu mzee, na amezifuta sasa hivi."

Alipelekwa kortini, akanyang'anywa leseni. Landilodi aliambiwa atengeneze taa. Kabla ya mwisho wa mwezi tulitolewa chumbani, tukahamia Kibera, kwa binamu yangu, na mume wangu akaanza kubeba mawe ya mjengo. Hakulalamika. Sikumpongeza kwa kusema ukweli, maana ukweli wenyewe ulikuwa umechelewa, na alijua hivyo.

Yule mtu wa maziwa alikatwa mguu chini ya goti. Tulienda kumwona nyumbani kwake tukiwa na unga na sukari. Mke wake alituwekea viti nje, kwenye jua. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye benchi, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini. Walizungumza na mume wangu kuhusu mvua, kuhusu ng'ombe, kuhusu nani sasa anapeleka maziwa. Kisha mtu wa maziwa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Lakini hiyo dawa ilikuwa ya nini?"

Mume wangu alimweleza yote, masizi, karatasi, utepe. Mtu wa maziwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ilisaidia?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa taratibu. Mke wake alileta chai, akamhudumia mumewe kwanza, kisha sisi. Mume wangu alishika kikombe kwa mikono miwili, akakaa nacho mpaka chai ikaganda utando juu.