Mjomba Aliyekwenda Kuposa kwa Ndege

Ni mimi niliyemwambia mjomba aende kuposa kwa ndege. Simsingizii shetani, hata yeye hangewaza hivyo.

Likizo iliyopita mjomba, ndugu mdogo wa mama, alikuwa anapeleka mbuzi na pombe ya asali kwa kina msichana wake, Nanyuki. Kwetu msichana huulizwa mbele ya wazee: hii pombe inywewe au irudi? Akikubali, anajaza pembe ya kunywea, anaonja, anampa mchumba. Mchumba asipokuwepo, pombe inarudi, na mbuzi vilevile. Na hukohuko Nanyuki kulikuwa na mwalimu mwenye pikipiki aliyemtaka msichana huyohuyo, akiomba kila siku pombe irudi.

Mjomba aliogopa barabara: lori lingeruka mashimo na kibuyu kingepasuka. Nikachukua atlasi ya shule, nikaweka rula kutoka uwanja wa ndege wa Mweiga mpaka ule wa Nanyuki. Mzungu aliyebaki na shamba lake baada ya uhuru, ambaye mjomba alimwendeshea trekta, alikuwa na kindege.

"Dakika kumi na mbili," nikatangaza. "Wazee watangulie na lori na mbuzi. Wewe oga, kunywa chai, utawakuta bado wananyoosha miguu."

"Una uhakika?"

"Hesabu haidanganyi, mjomba."

Mzungu alicheka mpaka akakohoa, halafu akakubali. Nikakaa nyuma, kibuyu mapajani, kama mtaalamu aliyeletwa na serikali.

Huko juu kibuyu kikaanza kunguruma. Nikakikumbatia. Wapi! Kizibo kiliruka kikampiga mzungu kisogoni, povu likamwingia kwenye kola. Alisema maneno ambayo mwalimu wetu wa Kiingereza bado hajatufundisha.

Dakika ya kumi na mbili, Nanyuki hiyo hapo chini! Nikapiga makofi peke yangu. Lakini uwanja mzima ulikuwa na ng'ombe wa wachuuzi wa mifugo, wamelala wanacheua. Tukashuka kuwatisha. Mmoja aliinuka, akajikuna, akalala tena. Tukazunguka, tukazunguka. Kila mzunguko tulipita juu ya boma la wakwe, tukaona lori letu, mbuzi, na wazee wameinua vichwa.

Mjomba akafungua kidirisha. "Niko hapa! Ngojeni! Niko hapa!"

Mzungu akatazama mafuta, akageuza ndege.

"Bwana, tunaenda wapi?"

"Mweiga."

"Usijali, mjomba," nikamfariji, "kurudi pia ni kumi na mbili."

Alikuwa anapima mlango, nadhani ili aone kama ningepita.

Jioni wazee walirudi na mbuzi wote. Msemaji wao akamwambia mama, "Baba ya msichana anauliza, ni mkwe gani huyu anapita juu ya paa ya watu na hasalimii? Msichana naye amesema ataulizwa tena Jumamosi. Mara moja tu. Yule mwalimu ameambiwa angoje."

Mjomba akaketi kwenye kigoda, mikono kichwani. Nikaanza kueleza kwamba kwa kweli hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa, ni ng'ombe tu. Mama hakupandisha sauti. Alisema:

"Kesho asubuhi mnaanza kutembea, wewe na mjomba wako, na kibuyu utabeba wewe. Na ukifungua hiyo mdomo kabla msichana hajajibu, utabaki kwao uwachungie mbuzi mpaka uote ndevu."