Siku Bibi Alipotaka Kuiotesha Moto Ngoma ya Wajapani

Duu. Mpaka leo radi ikinguruma kwa mbali upande wa Kisarawe, mimi huisikia ile ngoma ya Wajapani, nzito, inakupanda kwa nyayo kabla haijafika masikioni.

Nilikuwa darasa la tano. Mtaa wetu wa Kibaha ulifungwa, bodaboda zikaambiwa zizunguke, kwa sababu ya tamasha la tamaduni. Wajapani walikuja na ngoma kubwa kama pipa, kina mama wa Hawaii na sketi zao za majani. Mvua ilikuwa imepita asubuhi, kote kunanukia mihogo ya kukaanga na udongo mbichi.

Bibi alitoka Mzenga na ngoma yake ndani ya kiroba. Miaka mingi alikuwa akiwapigia mabinti wanapotolewa unyagoni, lakini siku hizo watu walishaanza kukodi spika. Mwalimu wetu akamwomba ngoma iwekwe kwenye meza ya vitu vya kale, kisha ibaki shuleni moja kwa moja. Bibi alikubali. Mimi roho iliniuma, ila mtoto nani anamuuliza?

Wajapani wakaijaribu ngoma yao, wakaiacha, wakaenda kunywa chai. Bibi akakunja uso.

"Imelowa ile, ngozi imelegea. Mjukuu wangu, kalete makuti."

Nikaleta. Akawasha moto, na kabla mtu hajamuuliza, alishaanza kuibingirisha ngoma ya watu kuelekea motoni. Dada mmoja wa Kijapani akaja mbio, akaikumbatia kama mtoto anayetaka kudondoka. Mwalimu ikabidi aeleze: hii haioteshwi moto, ndivyo inavyolia.

Bibi alimtazama yule dada kwa huruma. "Haya. Lakini makuti ya mjukuu wangu hayataungua bure. Nipeni yangu."

Akaitoa mezani mwenyewe. Akaiotesha, akaigonga kwa kidole, akaigeuza, akaigonga tena. Halafu akapiga. Kina mama wa Hawaii wakaanza kuzungusha viuno, taratibu, kama maji kwenye beseni. Bibi, mikono haisimami, akamwinamia jirani yetu.

"Hawa wamechezwa unyago na nani? Kungwi wao anaijua kazi."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Na yule dada akaingia na ngoma yake, chini kabisa ya mlio wa bibi: duu.

Jioni mwalimu akaiulizia ngoma. Ilikuwa imesharudi kwenye kiroba.

"Nisamehe, mwanangu," bibi akamwambia. "Kitu cha kale hakiwezi kuniumiza mikono hivi."

Tamasha lile halikurudi tena. Pale walipochezea kuna maduka ya simu, na bibi tumemzika Mzenga. Lakini mimi ni mtu wa ndoto. Ipo siku nitaufunga ule mtaa tena, bodaboda zizunguke.

Jumapili iliyopita wenzangu wote wa nyumbani walikuwa wametoka. Nikaishusha ngoma ya bibi kutoka juu ya kabati, nikawasha makuti nyuma ya nyumba, nikaiotesha. Nikaigonga kwa kidole. Bado. Nikaigeuza, nikaongeza makuti.