Ukuta wa Sebuleni

Kitabu kilikuwa kimebakiza sura moja, na hiyo sura ilinishinda. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika habari za mama yangu: alivyochuma majani chai Itumbe akiwa na mimba yangu, alivyogombana na karani wa mizani mpaka akapimiwa upya, alivyocheka hadi akashika mbavu. Kilichobaki kilikuwa kifo chake. Kila asubuhi nikikaa mezani naandika mistari mitatu, nafuta minne. Mgongo unauma, macho yanawasha, na mhariri naye hachoki kupiga simu. Siku hiyo aliniambia waziwazi: nisipompa sura hiyo kufikia Ijumaa, anachapisha kitabu cha mtu mwingine.

"Si umpe tu hizo sura ulizonazo," mke wangu akasema. "Hiki kitabu kitatuzeesha sote."

"Nikiache mama yuko hai?"

"Mimi sijui. Ninachojua umekonda, na siku hizi ukisalimiwa unafoka."

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Lakini uchovu ningeuvumilia. Nilichoogopa ni kwamba nimejitungia mama wa karatasi, na yule aliyenizaa nimeshampoteza.

Basi nikajilazimisha. Nikaandika kifo chake bila kupumzika, kisha nikamwita baba aje asikilize, maana yeye ndiye aliyekuwa naye. Alivuka ua kutoka nyumbani kwake, mvua ya alasiri imeshaanza, akaketi verandani. Ndani haingii. Kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua iwe ya mawe. Nikatoa kiti, nikaketi kando yake, nikasoma kwa sauti kubwa kushinda kelele za mabati: mama amelala chini ya dirisha, mwanga usoni, macho yake yakiaga shamba la chai.

Baba akainua mkono. "Nani alikuambia alilala dirishani?"

Hakuna aliyeniambia. Tangu nilipotahiriwa sikuwahi kukanyaga chumba cha kulala cha wazazi wangu. Huo nao ni mwiko kwetu. Siku zile za mwisho shangazi zangu walikuwa wakiingia na kutoka, mimi nimeketi sebuleni kama mgeni, namsikia mama akihema ng'ambo ya ukuta. Mambo ya chumbani nilikuwa nimeyabuni, tena kwa maneno matamu.

"Basi kitabu chote ni uongo," nikasema. "Nampigia mhariri sasa hivi, aachane nacho. Nimechoka, Baba. Nimechoka kabisa!"

"Ebo! Weka simu chini. Nimekuambia nimemaliza?"

Nikaiweka. Alipangusa matone kwenye goti lake, na mimi nikaona heri angenitukana tu, tumalize.

"Kitanda kilikuwa dirishani, ndiyo," akasema hatimaye. "Alikikataa. Akasema tumsogeze upande ule mwingine, kwenye ukuta wa sebuleni. Shangazi zako wakalalamika kwamba huko ni giza, hataona hata nje. Akasema huko nje ameshapaona vya kutosha."

"Kwa nini huko?"

Baba akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Si ndiko ulikokuwa umekaa? Aliweka kiganja ukutani, hivi. Ukikohoa, anasema, 'Yupo.' Ukivuta kiti, 'Yupo.' Mpaka sauti ikaisha, akawa anasema kwa midomo tu."

Baba aligeuza uso akatazama mvua, akaniacha nilie. Nilipotulia nilimwomba aanze tena, polepole, nami nikaandika kila alichosema.